Ninunue TV Mpya Sasa au Nisubiri? Maswali ya Wasomaji

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: TV ya nyumbani bado inawaka, au imeanza kusumbua, na dukani zimejaa mpya. Tumechagua barua saba. Majibu yameandaliwa na mafundi wa safu hii.

Nina TV ya inchi 32 niliyoinunua mwaka 2015 na haijawahi kuharibika. Nataka ya inchi 55 ya 4K ili tuangalie AFCON ya 2027, maana safari hii mashindano yamepangiwa kwetu, Kenya na Uganda. Rafiki yangu anasema nisubiri bei zishuke, mke wangu anasema ninunue leo. Kutoka kochi hadi ukutani ni mita 2 na nusu. Tunatumia king'amuzi cha antena.
*Msomaji, Morogoro*

Kabla ya kuangalia kalenda, angalia kinachoingia nyuma ya TV. Chaneli nyingi za ving'amuzi vya antena bado zinarushwa kwa kiwango cha SD, yaani picha yenye nukta 720 kwa upana na 576 kwa kimo. Zidisha, unapata nukta kama 415,000. Kioo cha 4K kina nukta 3,840 kwa 2,160, karibu milioni 8.3. Kwa kila nukta moja ya kweli inayoletwa na king'amuzi, TV italazimika kubuni nyingine 19 za kujazia. TV nzuri hubuni kwa ustadi, ya bei poa hupakaza tu. Ndiyo maana watu hununua TV kubwa, wakaiwasha siku ya kwanza, wakaona sura za wachezaji zimefifia kama picha iliyolowa maji, wakaamini wameuziwa mbovu. TV haina kosa. Imepewa chakula kidogo kuliko tumbo lake.

Umbali nao una hesabu yake. Jicho zima huacha kuona nukta mojamoja mtu akikaa mbali vya kutosha, na umbali huo huongezeka kadiri kioo kinavyokuwa kikubwa. Kwa picha ya SD, inchi 32 inataka mtu akae kama mita 3.4, inchi 43 mita 4.5, na inchi 55 karibu mita 6. Kwa picha ya HD kamili ya nukta 1,920 kwa 1,080, inchi 43 inatosheka na mita 1.7 na inchi 55 na mita 2.2. Wewe unakaa mita 2.5. Inchi 55 itapendeza sana sebuleni kwako ikipewa HD, na itakuudhi kila jioni ikipewa SD. Kuhusu 4K, kwa umbali huo hutaona tofauti kubwa kati yake na HD. Usiilipie zaidi kwa sababu ya mpira, ingawa TV nyingi za inchi 55 zilizopo sasa ni 4K hata usipoomba.

Kwa hiyo anza na hatua isiyokula pesa nyingi. Tazama nyuma ya king'amuzi. Kama kimeunganishwa kwa zile nyaya tatu, nyekundu, nyeupe na ya njano, zitoe uweke waya mmoja wa HDMI. Kisha ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi, sehemu ya picha, uchague 1080 badala ya 576. Kwenye TV toka kwenye picha ya aina ya Vivid au Dynamic uweke Standard au Movie, na ushushe Sharpness iwe kati ya 0 na 10, kwa sababu kazi yake kubwa ni kuchora mistari myeupe pembeni ya kila kitu. Nyumba nyingi hupata hapo picha ambayo hawajawahi kuiona kwenye TV ileile.

Hatua ya pili ni king'amuzi chenye chaneli za HD, aghalabu cha dishi, na kifurushi ambacho kweli kina chaneli ya michezo ya HD. Uliza jina la chaneli na uone herufi HD kabla hujalipa, kwa kuwa king'amuzi kuandikwa HD hakumaanishi kifurushi chako kina HD. Pesa ya kwanza itoke kwa ajili ya mawimbi, ya pili kwa ajili ya kioo. Ukifanya kinyume utakuwa na kioo kikubwa cha kuonyeshea picha ndogo.

Sasa turudi kwa rafiki yako na mkeo. Rafiki yako ana haki kwa upande mmoja. Makampuni makubwa hutoa TV mpya mara moja kwa mwaka. Huzitangaza Januari kwenye maonyesho ya Las Vegas, nazo huanza kuingia madukani duniani kati ya Machi na Juni, na hapo za mwaka uliopita hupunguzwa bei. Huku kwetu toleo la zamani hubaki rafuni hata miaka miwili au mitatu, wakati mwingine kwa bei ya toleo jipya, na muuzaji hatakwambia. Soma namba ya modeli mwenyewe. Kwa LG, herufi UQ ni za mwaka 2022, UR ni 2023, UT ni 2024. Kwa Hisense, A6H ni 2022, A6K ni 2023, A6N ni 2024. Ukikuta modeli ya miaka mitatu nyuma, una hoja ya kuombea punguzo.

Nyakati za punguzo unazijua: maonyesho ya Sabasaba pale Barabara ya Kilwa, ambayo huanza Juni 28 hadi katikati ya Julai, na wiki za mwisho za Novemba. Angalia pia bajeti ya serikali inayosomwa Juni, kwa kuwa mabadiliko ya kodi huanza kutumika Julai 1. Bidhaa iliyokwisha kuingia dukani imelipiwa kodi ya zamani, mzigo unaofuata ndio utakaobeba mpya.

Mkeo naye ana hoja. Kusubiri hadi wiki mbili kabla ya mashindano ndiko kununua vibaya kuliko kote. Modeli nzuri zimekwisha, duka limejaa watu, hakuna atakayekuachia dakika kumi za kujaribu TV, na ikileta hitilafu utakuwa kwenye foleni ya waranti wakati mpira unachezwa. Kasoro za kiwandani mara nyingi hujitokeza wiki za mwanzo za matumizi. Kwa kuwa TV yako ni nzima, tunakushauri ubadilishe mawimbi sasa, utumie inchi 32 hiyohiyo, kisha ununue katika msimu wa punguzo utakaotangulia mashindano, si chini ya miezi miwili au mitatu kabla. Na kama baada ya HD mtaridhika na TV mliyo nayo, pesa ibaki benki.

Asalaam alaykum. TV yangu ya inchi 43 ina miaka minne. Juzi ilizima picha ghafla, lakini sauti inasikika na rimoti inabadilisha chaneli. Fundi wa kwanza amesema kioo kimekufa, ninunue nyingine. Wa pili anataka shilingi 130,000 abadilishe taa. Nimsikilize nani?
*Mama wa watoto watatu, Tanga*

Waalaykum salaam, mama. Yupi ana haki utampima mwenyewe leo usiku. Zima taa za chumba, washa TV hadi sauti itoke, kisha washa tochi ya simu uisogeze karibu kabisa na kioo kwa kuielekeza kwa mshazari. Ukiona picha hafifu ikitembea, watu au maandishi ya chaneli, kioo chako ni kizima na kilichokufa ni taa za nyuma. Fundi wa pili yuko sahihi.

TV hizi tunazoziita LED zina kioo kisichotoa mwanga wake. Nyuma yake zimepangwa kanda za taa ndogo, na taa za kanda hufungwa mfululizo, moja baada ya nyingine. Ikikatika moja, umeme haupiti, na mara nyingi TV huzima kanda zote kujilinda. Zinakufa kwa joto. Nyingi hutoka kiwandani mwanga umewekwa 100 ili zing'ae dukani, na mwenye TV haugusi maisha yote. Dalili za mapema ni madoa meupe ya duara kwenye picha, pale vifuniko vidogo vya plastiki vinavyosambaza mwanga vinapobanduka gundi, au upande mmoja wa kioo kuwa na kiza kuliko mwingine.

Kabla ya kumpa kazi, kubalianeni mambo haya. Abadilishe kanda zote, si taa moja iliyokufa, kwa kuwa zilizobaki zina umri uleule na utamrudia baada ya miezi michache. Kanda mpya ziwe za volti ileile kwa kila taa, maana zipo za volti 3 na za volti 6, na idadi ya taa ilingane. Mwombe apunguze kidogo mkondo wa umeme unaokwenda kwenye taa. Mafundi wazoefu hufanya hivyo kwenye bodi kwa kubadili rezista, na mwanga unaopotea hauonekani sana lakini umri wa taa unaongezeka. La mwisho ndilo zito: kazi hii inalazimu kutoa kioo, na kioo cha inchi 43 ni chembamba, hupasuka kwa kushikwa vibaya kona moja, na vile vitepe vyembamba vya pembeni huchanika. Ulizeni kabla: kikipasuka, nani analipa? Fundi anayekwepa swali hilo, mwache. Kazi hiyo inataka watu wawili na meza pana yenye kitambaa.

Kwa bei hiyo tungetengeneza. TV ya miaka minne ikibadilishwa taa vizuri ina miaka mingine mbele yake. Kipimo chetu ni kwamba ukarabati ukivuka theluthi moja ya bei ya TV mpya ya ukubwa uleule, fikiria mara mbili. Ukikaribia nusu, acha. Ikirudi nyumbani, ingia kwenye mipangilio ya picha uweke Backlight kati ya 50 na 60.

Fundi wa kwanza angekuwa sahihi kama dalili zingekuwa nyingine: mistari ya wima isiyohama, nusu ya kioo kuwa nyeupe au nyeusi, doa linaloenea kama wino. Ukiona mistari, bonyeza menyu ya TV. Kama inapita hata juu ya menyu, king'amuzi hakina kosa, ni kioo au bodi yake. Mafundi wana jaribio la kubonyeza kidogo pembezoni: mistari ikibadilika, vitepe vinavyounganisha kioo vimelegea, na hilo mara chache hutengenezeka likadumu. Kioo kipya hugharimu karibu sawa na TV nzima, hapo hakuna cha kusubiri.

Kwa kuwa uko pwani, maneno mawili zaidi. Hewa ya chumvi hula miguu ya soketi na vitepe, kwa hiyo iache TV na nafasi ya sentimita 10 nyuma, usiibandike kwenye ukuta unaotoa unyevu. Na usipulizie maji wala dawa moja kwa moja kwenye kioo. Tone huteremka hadi ukingo wa chini, likaingia kwenye vitepe vilivyojificha pale, na kesho yake kuna mistari. Kitambaa laini kikavu, TV ikiwa imezimwa. Kikihitaji unyevu, lowesha kitambaa, si kioo.

TV yangu ya mwaka 2017 ina picha safi lakini programu za filamu zinafunguka polepole, na moja imekataa kabisa. Duka linaniambia ni wakati wa kubadilisha. Ni kweli?
*Msomaji, Nairobi*

Si kweli. Ubongo wa TV huzeeka haraka kuliko macho yake. Kumbukumbu ya GB 1 iliyotosha mwaka 2017 haibebi programu za sasa, na kampuni za filamu huacha kuhudumia vifaa vya zamani. Desemba 2019, kwa mfano, Netflix iliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya TV za zamani za Samsung ambazo vioo vyake vilikuwa bado vizima.

Nunua kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye HDMI, kwa sehemu ndogo ya bei ya TV. Hakikisha kimethibitishwa na Netflix na Google na kina ulinzi wa Widevine, mfumo wa kuzuia filamu zisinakiliwe, wa ngazi ya L1. Visanduku vingi vya bei ya chini vina L3, na hapo Netflix hukupa picha ya 480 hata kama boksi limeandikwa 4K kwa herufi za dhahabu. Kipe umeme wake kwa adapta. Mlango wa USB wa TV mara nyingi hutoa nusu ampea tu, na kifaa hujizima na kujiwasha katikati ya filamu. Watu hukirudisha dukani bure.

Halafu pima intaneti yako. Netflix inataka Mbps 5 kwa HD kamili na 15 kwa 4K, na saa moja ya HD hula hadi GB 3, ya 4K hadi GB 7. Saa mbili kila usiku kwa 4K ni kama GB 420 kwa mwezi. Kama unatumia bando la simu, umekwisha kujibiwa kuhusu TV ya 4K.

Nipo Muscat, narudi nyumbani Unguja mwakani. TV huku ni nafuu. Ninunue sasa nitume, au nisubiri ninunue nikifika?
*Msomaji, Oman*

Umeme hautakusumbua. Oman ni volti 240 na nyumbani ni 230, karibu sawa, mizunguko ni 50 kote, na plagi ni ileile ya miguu mitatu bapa. Kinachosumbua ni vitu vitatu.

Cha kwanza ni waranti, ambayo kwa kawaida hutolewa kwa nchi au ukanda uliponunua. Unguja hakuna atakayeitambua risiti ya Muscat kwa chapa nyingi. Cha pili ni ushuru: hukokotolewa juu ya bei ya TV pamoja na nauli ya mzigo na bima, kwa hiyo unafuu unaouona dukani huko si unafuu utakaofika nao nyumbani. Piga hesabu yote kwa shilingi, ukijumlisha na wakala wa forodha, kisha linganisha na bei ya Unguja au Dar. Cha tatu ni safari yenyewe. TV husafirishwa ikiwa imesimama. Ikilazwa, uzito wa mizigo mingine unakaa katikati ya kioo ambako hakuna kinachokishikilia. Kwenye kontena la vyombo vya nyumbani ibanwe kati ya magodoro mawili, na boksi liwe lile la asili lenye povu lake.

Kwa inchi 43 kushuka chini, tungesubiri tununue nyumbani. Kwa kubwa na za ghali tofauti ya bei inaweza kustahili taabu, hasa kama unarudi na mzigo wa kontena vyovyote vile. Sharti ni moja: kwenye karatasi ya sifa paandikwe DVB-T2, ndio mfumo wa antena unaotumika Afrika Mashariki.

Tunaongeza hili kwa wanaoletewa mitumba kutoka kwingine. TV ya Japani imetengenezwa kwa volti 100 na mfumo wa antena wa ISDB-T. Nyingi zikichomekwa kwenye 230 bila transfoma huungua siku hiyohiyo. Za Marekani nyingi ni volti 120 na mfumo wa ATSC. Soma kibandiko cha nyuma. Kikiandikwa AC 100-240V 50/60Hz, umeme ni salama, na antena utatumia king'amuzi. Kikiandikwa 100V au 120V peke yake, usinunue.

Nimeweka akiba ya OLED. Je, ninunue au nisubiri 8K ishuke bei? TV yetu huwashwa asubuhi kwenye habari hadi usiku.
*Msomaji, Mombasa*

8K usiingojee. Japani ilianza kurusha chaneli ya 8K ya NHK kwa setilaiti tangu Desemba 2018, na hadi leo huku hakuna cha kukuonyesha kwa kiwango hicho.

OLED ni picha nzuri kuliko zote tunazozifanyia kazi, kila nukta inajiwakia yenyewe na nyeusi ni nyeusi kweli. Lakini kwa nyumba yako tunaiogopa. Nembo ya chaneli iliyokaa kona moja na mkanda wa habari unaopita chini, saa kumi kwa siku, hugeuka kovu lisilofutika. TV hizi hujitibu zenyewe: baada ya kutumika kama saa nne kwa jumla, ukizizima kwa rimoti hubaki kimya dakika kadhaa zikisawazisha nukta. Sasa fikiria desturi yetu ya kuzima kwenye soketi ya ukutani kila usiku. Tiba haifanyiki hata siku moja. Kama hamwezi kuacha desturi hiyo, nunueni LED nzuri, au QLED, ambayo ni LED ileile iliyoongezewa utando wa kuboresha rangi na haipati kovu la namna hiyo. Ikiwa ina Mini LED, yaani taa za nyuma nyingi na ndogo zinazozimwa kwa makundi, utakaribia weusi wa OLED.

Kijijini kwetu tunatumia sola: paneli ya wati 100 na betri ya volti 12, Ah 100. Tuna TV ya inchi 19. Vijana wanataka inchi 55 kwa kibanda cha mpira. Itabeba?
*Msomaji, Kigoma*

Haitabeba. Betri ya risasi ya volti 12, Ah 100, ina Wh 1,200, yaani wati mara saa, lakini ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu, yaani Wh 600. Paneli ya wati 100 kwa siku ya jua zuri, baada ya upotevu, inarudisha kama Wh 300 au 350. Hicho ndicho kipato chenu cha siku.

TV ya inchi 55 hula karibu wati 110. Kwa saa tano ni Wh 550, ongeza king'amuzi Wh 50, ongeza upotevu wa inveta wa asilimia 15, mnakaribia Wh 700. Siku ya pili betri haijai, siku ya tatu inalia, na baada ya miezi michache imekufa. Inchi 32 hula wati 40 hivi. Kwa saa tano pamoja na king'amuzi na inveta ni kama Wh 290, inatosha bila ziada. Zipo pia inchi 24 na 32 zinazotumia volti 12 moja kwa moja, hazihitaji inveta.

Kwa hiyo kama ni kibanda cha biashara, ongezeni kwanza paneli mbili za ukubwa uleule na betri ya pili, mbadilishe chaja kontrola iwe ya ampea 30, ndipo mnunue kioo. Na ukipunguza Backlight hadi nusu, TV ya LED hupunguza umeme kwa kiasi kikubwa. Usiku kibandani haihitajiki zaidi.

Nimeamua kununua. Nikifika Kariakoo niangalie nini ili nisiuziwe feki? Naona TV za kioo mara mbili za 4K kwa bei ya ajabu.
*Msomaji, Dar es Salaam*

Kioo mara mbili ni kioo kigumu kilichowekwa mbele ya kioo chenyewe. Kinasaidia nyumba yenye watoto wanaorusha vitu, lakini kinaongeza uzito, kinaakisi dirisha kama kioo cha meza ya urembo, na hakisemi lolote kuhusu ubora wa picha. Kinachotutia wasiwasi ni neno 4K. Baadhi ya TV hizo hupokea mawimbi ya 4K kisha zikaonyesha kwa kioo cha nukta 1,366 kwa 768, na kwenye menyu wameandika 4K vilevile.

Nenda na kompyuta mpakato na waya wa HDMI. Weka mwonekano wa 3840 kwa 2160, ukubwa wa maandishi asilimia 100, fungua ukurasa wenye herufi ndogo. Kioo cha 4K cha kweli kitaonyesha kila herufi kali ukikisogelea. Cha uongo kitaonyesha ukungu. Asiyekuruhusu kujaribu amekwisha kukujibu.

Beba pia flashi yenye picha tano: nyeupe tupu, nyeusi, nyekundu, kijani na bluu. Kwenye rangi hizo tafuta nukta iliyokufa. Kwenye nyeupe tafuta kiza kwenye kona, kwenye nyeusi mwanga unaovuja pembeni. Hesabu milango ya HDMI: king'amuzi, spika, kifaa cha filamu, mitatu ndiyo salama. Kama una king'amuzi cha zamani cha nyaya tatu, uliza kama TV ina mlango wake, nyingi mpya hazina. Linganisha namba ya mfululizo ya nyuma ya TV na ya kwenye boksi. Risiti iwe ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, yenye modeli na namba hiyo, kwa sababu karatasi ya waranti isiyo na risiti haikufikishi popote. Soma waranti inaacha nini: kioo kilichopasuka na umeme uliozidi huachwa karibu zote.

Kwa umeme, nunua kinga ya TV siku hiyohiyo, ile inayokata volti zikishuka au kupanda sana na kusubiri kabla ya kuwasha tena. Umeme ukirudi baada ya mgao, mapigo ya kwanza ndiyo yanayoua bodi. Radi ikianza, kinga hiyo haitoshi. Chomoa plagi na waya wa antena au dishi pia, maana radi huingia na huo, ikapita kwenye king'amuzi na HDMI.

Usiipakie bodaboda. Chukua bajaji au kirikuu, isimame, mtu mmoja akae nayo akiishika kwa juu. Nyumbani, watu wawili waitoe kwa kushika fremu ya chini na pembeni, vidole visiguse kioo. Kama unatundika ukutani, pima matundu ya nyuma kabla ya kununua breketi. Inchi 43 nyingi ni milimita 200 kwa 200 na skurubu za M6, na skurubu ndefu kupita kiasi hupenya hadi kwenye bodi. Katikati ya kioo iwe karibu na usawa wa macho ya aliyekaa, kama mita 1 hadi 1.1 kutoka sakafuni. Boksi na povu lake vitunze hadi muda wa kubadilishiwa dukani upite.